Tumbo la Baba Dativa

Watu wa Chita walianza kumpongeza Sebastiani kwa kitambi chake kabla hata mkewe hajakitia maanani. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa mtu wa gengi la reli, akitembea juu ya mataruma na nyundo begani, akikaza boliti na kushindilia kokoto, na miaka yote hiyo mwili wake ulikuwa mkavu kama ufito. Kwa hiyo shati lilipoanza kumvutavuta vifungo, baada ya Pasaka ya mwaka ule, wenzake walifurahi kweli.

"Sasa umekuwa bosi," Beno, mwenzake wa gengi, alimwambia. "Bado gari tu."

Sebastiani alicheka pamoja nao. Mwanamume wa miaka hamsini na sita kuota kitambi si habari ya kukimbiza mtu hospitali.

Mkewe, Wilhelmina, alikuwa fundi cherehani. Alikuwa na kibanda cha mabati hatua chache kutoka stesheni, na shule zilipokaribia kufunguliwa alishona sare tangu asubuhi hadi mgongo ukakataa kunyooka. Alipoambiwa kwamba mumewe amenawiri, hakufurahi wala hakuhuzunika. Alifumua mshono wa nyuma wa suruali ya kazi, akaitanua inchi mbili, akairudishia, akaendelea na sare za watu. Wakati wa Nane Nane akaitanua tena. Mwezi wa kumi na moja kitambaa cha akiba ndani ya mshono kilikuwa kimekwisha, ikabidi aunge kipande kila upande.

Ni siku hiyo ya kuunga vipande ndipo mkono wake uliposita. Alikuwa amewapima watu wa kila namna, na alijua jinsi mtu anavyonenepa. Mtu akinenepa, hunenepa na shingo, na mikono, na makalio. Sebastiani alikuwa akipwaya kwenye kola huku tumbo likikataa kufungwa. Mabega yalikuwa yamepungua. Ilikuwa kana kwamba tumbo linakula mwili uliobaki.

"Baba Dativa," alimwambia jioni ile wakila, "unajisikiaje tumboni?"

"Najisikia nimeshiba."

"Hujala hata nusu."

"Ndiyo maana nakwambia nimeshiba."

Hakumwuliza zaidi. Alikuwa na sare arobaini za kumaliza.

Desemba ndipo lilipotokea lile lililowatoa nyumbani. Uvimbe ulichomoza kinenani, upande wa kulia, laini, ukisimama akiinama na kulala akilala. Katika bonde la Kilombero hakuna mwanamume asiyejua mshipa, na hakuna anayependa kuutaja. Sebastiani aliuficha wiki tatu, mpaka siku aliyoshindwa kunyanyua nyundo mbele ya vijana, akarudi nyumbani saa nne asubuhi na kukaa kwenye kigoda. Wilhelmina alifunga kibanda. Januari ilipoanza walipanda treni kwenda Ifakara.

Daktari wa upasuaji aliyewapokea aliitwa Siwema, mwanamke mdogo kwa umri kuliko binti yao Dativa, mwenye sauti ya chini na viatu vya mpira.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu," Wilhelmina alijibu, kisha akajirekebisha. "Marahaba, daktari."

Daktari Siwema alimlaza Sebastiani, akamgusa kinenani, akamwambia akohoe. Henia, alisema. Kazi ya saa moja. Alimgusa na tumbo pia, akaligonga kwa vidole, akakunja uso kidogo, akaandika kitu. Bima ya kazini ilikuwepo, kwa hiyo hapakuwa na mazungumzo marefu. Keshokutwa yake aliingizwa chumba cha upasuaji, na Wilhelmina akakaa kwenye benchi la nje na mfuko wa nguo mapajani.

Saa moja ilipita, ikafuata ya pili. Daktari Siwema alipotoka, alimwita pembeni, kwenye chumba kidogo chenye meza na mizani ya watoto.

"Mama, mzee anaendelea vizuri. Henia nimeishona. Lakini nilipofungua pale kinenani, nilichokikuta si utumbo. Nimekuta ute."

"Ute?"

"Mzito, wa manjano, kama jeli. Ule wa bamia ukiuacha ukapoa. Unatoka tumboni, umesukuma mpaka ukapata njia pale." Alichukua kalamu. "Tumbo lake lilianza kukua lini? Watu wengi hawakumbuki, lakini jaribu."

Wilhelmina hakuhitaji kujaribu. "Pasaka alikuwa kiuno inchi thelathini na mbili. Mwezi wa nane, thelathini na nne na nusu. Mwezi wa kumi na moja, thelathini na nane. Juzi kabla ya kuja nimempima, ni arobaini na moja. Na shingo imepungua inchi moja."

Daktari aliacha kalamu, akamtazama.

"Mimi ni fundi nguo," Wilhelmina alisema, kama anayeomba radhi.

"Yarudie, mama. Polepole. Nataka kuyaandika yote."

Siku mbili zilizofuata Sebastiani alipigwa picha za tumbo, ile ndogo ya kupakwa mafuta na ile kubwa ya kulazwa ndani ya mashine. Kisha daktari akawakalisha wote wawili, akachukua karatasi na kuchora utumbo mpana, na chini yake, upande wa kulia, akachora kitu chembamba kinachoning'inia.

"Hiki ni kidole tumbo. Mnakijua, kikiuma watu hukimbizwa hapa. Chako, baba, hakikuwahi kuuma. Ndani yake umeota uvimbe, tena uvimbe wa nadra. Mimi nimeuona mara moja tu, nikiwa bado mwanafunzi. Kazi yake ni kutengeneza ute. Kidole tumbo kilijaa, kikapasuka kimyakimya, ute ukamwagika tumboni. Na ule ute una chembe hai ndani yake. Kila zilipotua zimejipanda, na zinaendelea kutengeneza ute mwingine. Hicho ndicho kitambi chako."

Sebastiani aliitazama ile michoro muda mrefu. "Ni kansa?"

"Tumepeleka kinyama maabara, watatuambia. Kwa ninavyoona, ni ndugu wa kansa, lakini ndugu mvivu. Si wa kukimbilia mapafuni wala kichwani. Anakaa humo humo tumboni na kujaza. Shida ni kwamba akijaza sana anabana utumbo, na mtu hawezi tena kula."

"Dawa?"

"Vidonge havimfiki. Ni kumtoa kwa mkono. Na kumtoa kwake ni kazi kubwa, si ya hapa kwangu. Majibu yakija tutazungumza habari ya Dar es Salaam."

Majibu yalichukua wiki tatu na siku kadhaa. Hizo ndizo wiki Wilhelmina alizokuja kuzikumbuka kuwa ndefu kuliko zote, ingawa hakuna lililotokea ndani yake. Walirudi Chita. Asubuhi alimpikia Sebastiani uji, akaubembeleza umwingie mdomoni. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, lakini huyu aliulizwa, akaombwa, na bado alikunywa vijiko vitano na kugeukia ukutani. Mchana alishona. Alasiri alifua. Kila simu ilipolia alifuta mikono kwenye kanga na kuichukua, na kila mara alikuwa mtu wa sare.

Wale waliokuwa wakimpongeza sasa walikuwa na maelezo mengine. Ilisemekana amepigwa kitu kwenye njia ya reli. Ilisemekana kuna mtu alimwonea wivu. Fransisko, kaka yake mkubwa, alikuja na baiskeli kutoka shambani, akakaa mlangoni, akasema anamjua mganga kule Masagati, mzee anayetoa maji ya tumbo kwa mizizi bila kisu.

Wilhelmina alikuwa akifumua kola. Hakuinua uso. Hakuwa na nguvu ya kubishana na shemeji yake. Kama wangesema wampeleke kesho, angefunga mfuko tu.

Ni Sebastiani mwenyewe aliyejibu. "Kaka, si maji. Wamenionyesha kwenye chupa. Kile kitu ukikimwaga hakimwagiki."

Fransisko alikaa kidogo, akaaga, akaacha mapapai mawili mezani.

Simu ya daktari ilikuja Jumatano. Maabara ilikuwa imethibitisha: uvimbe wa kidole tumbo, wa ile aina ya polepole. Daktari Siwema alikuwa ameshaongea na wenzake wa Dar es Salaam, na nafasi ilikuwa imepatikana mwezi ujao.

Sebastiani alimsikiliza mkewe akilieleza hilo, kisha akasema haendi.

"Walinipasua kwa henia, wakakuta ute. Wakinipasua tena watakuta kingine. Mimi nimechoka, Mama Dativa. Niache nikae."

Kwa siku nne hakusema lingine. Dativa alikuja kutoka Kiberege, alikokuwa ameolewa na mkulima wa mpunga, akamwacha mtoto wake wa pili kwa mama mkwe, akapiga magoti mbele ya baba yake na kulia. Sebastiani alimpapasa kichwa, akamwambia asilie, na hakubadilisha neno. Dativa akamfuata mama yake kibandani.

"Mama, mwambie wewe. Wewe anakusikia."

"Nimwambie nini ambacho hajakisikia?"

"Kwa hiyo tumwache?"

Wilhelmina alikuwa na miaka hamsini na mbili. Katika mwaka ule mmoja alikuwa amepungua mpaka gauni zake mwenyewe zilihitaji kubanwa, na hakuwa amezibana. Alimtazama binti yake, na hasira aliyoisikia haikuwa ya Dativa wala ya Sebastiani. Ilikuwa hasira isiyo na mwenyewe. Alinyanyuka, akachukua ile suruali ya kazi iliyounganishwa vipande, akaenda nayo ndani alikolala mumewe, akaiweka juu ya kitanda.

"Baba Dativa, mimi sitakusukuma. Nimechoka kukusukuma. Ukitaka kukaa, kaa. Lakini nguo sitakutanulia tena. Hii ni ya mwisho. Ikikukataa, utavaa shuka, na utakapokufa nitakuzika na shuka hiyo hiyo."

Dativa, mlangoni, alishika mdomo.

Sebastiani aliinua ile suruali, akaikunjua, akapitisha vidole juu ya vile vipande vya pembeni, cha kaki kimoja na cha kijivu kingine kwa sababu kaki ilikuwa imekwisha. Ni kama hakuwahi kuiona, ingawa alikuwa ameivaa miezi miwili.

"Hata rangi hazilingani," alisema.

"Hazilingani."

Aliikunja tena polepole. "Treni ya kwenda Dar ni siku gani?"

Upasuaji ule ulichukua saa tisa. Wilhelmina na Dativa walikaa ukumbini Dar es Salaam, miongoni mwa watu wenye chupa za chai na rozari na tasbihi, kila mtu akiutazama mlango ule ule. Mwanzoni walisali. Baadaye walizungumza habari za mpunga. Mwisho hawakuzungumza. Wilhelmina aligundua kwamba alikuwa akihesabu vigae vya sakafuni, na alipofika mwisho alirudia.

Daktari mkuu wa upasuaji alitoka akiwa na alama ya kofia kwenye paji la uso. Alieleza kwa ufupi, kama mtu ambaye miguu inamuuma. Walikuwa wametoa kidole tumbo na sehemu ya utumbo mpana iliyoshikana nacho. Walitoa lile shuka la mafuta linalofunika utumbo, maana lilikuwa limegeuka ute mtupu. Walitoa wengu. Walikwangua utando wa tumbo upande wa kulia na chini ya ini. Ute peke yake ulijaza ndoo.

"Tumetoa vyote tulivyoviona," alisema. "Kuna hospitali, nchi za mbali, ambazo humalizia kwa kuosha tumbo kwa dawa ya moto. Hilo sisi hatukuweza kumpa. Kwa hiyo siwezi kukuambia, mama, kwamba hakirudi. Naweza kukuambia kwamba leo hakipo."

Wilhelmina alishukuru. Alitaka kuuliza kitu, lakini kila swali alilolifikiria lilikuwa limekwisha kujibiwa na lile neno leo.

Kilichofuata hakikuwa na fahari yoyote. Sebastiani alikaa wodini wiki tano. Alipata homa, ikatulia, ikarudi. Ubavuni alikuwa amewekewa mfuko wa kupokea kinyesi mpaka utumbo uunge, na jambo hilo lilimwumiza kuliko kidonda chenyewe. Alikataa kuonekana na mtu. Beno aliposafiri kutoka Chita kuja kumwona, Sebastiani alijifunika mpaka kidevuni kwenye joto lile la Dar, akajibu salamu akitazama dirisha. Wilhelmina alijifunza kuubadilisha mfuko, kuusafisha, kupaka ngozi dawa isichubuke. Alikuwa akimwogesha, akimgeuza, akifua, akipanga foleni ya dawa, akirudi kwa ndugu wa mume wa Dativa walikofikia, mwendo wa saa nzima, na kulala kama gunia lililoangushwa.

Siku moja, Wilhelmina akimvisha nguo, Sebastiani alisema, "Ungekuwa umeolewa na mtu mwingine ungekuwa unapumzika."

"Ningekuwa nashona nguo zake na yeye," Wilhelmina alijibu. "Inua mkono."

Walirudi bondeni mvua zikiwa zimeanza. Miezi minne baadaye walikwenda tena Dar es Salaam, akaungwa utumbo, mfuko ukatolewa. Upasuaji wa tatu katika mwaka mmoja. Wengi wa Chita walidhani hapo hadithi imekwisha; padre alitangaza shukrani kanisani na watu wakapiga vigelegele. Gengi la reli lilimpa kazi nyepesi ya kutunza stoo ya vifaa mpaka afikie umri wa kustaafu. Beno hakutania tena habari ya bosi.

Lakini Wilhelmina alikuwa ameyasikia maneno ya yule daktari, na aliyaweka. Kila baada ya miezi sita walipanda treni kwenda Ifakara kwa Daktari Siwema. Kila safari siku tatu kabla Sebastiani aliacha kuongea, na siku tatu baada ya majibu aliongea kupita kiasi. Mara ya kwanza palikuwa safi. Mara ya pili safi. Mara ya tatu safi.

Mara ya nne daktari aliitazama picha muda mrefu kidogo kuliko kawaida yake.

"Baba, mama, njooni muone." Aligusa kioo kwa ncha ya kalamu. "Hapa, nyuma ya ini. Kuna kitu kama punje ya harage. Safari iliyopita hakikuwepo. Au kilikuwepo na ni kidogo cha kutoonekana."

"Umerudi," Sebastiani alisema.

"Unaweza kuwa umerudi. Ni yule yule mvivu. Sitaki kukupasua kwa ajili ya harage. Tutalitazama. Miezi minne, halafu tena. Linaweza kukaa hivyo miaka. Likianza kukua, tutarudi kuzungumza na Dar."

"Na nikikataa?"

Daktari Siwema aliweka kalamu mezani. Alikuwa ameongeza miwani tangu walipokutana mara ya kwanza. "Ukikataa nitaendelea kukupima, na nitaendelea kukuamkia. Lakini hatujafika huko, baba."

Walitoka nje kwenye jua. Njia ya kwenda mjini ilikuwa na matope ya jana, na pikipiki zilipita zikiwarushia. Wilhelmina alisubiri hofu ije, ile aliyoizoea, lakini haikuja. Kilichokuja ni uchovu tu, mzito, ulioshuka kutoka mabegani mpaka kwenye nyayo, kana kwamba miaka ile miwili na nusu yote ilikuwa imesubiri foleni na sasa imeitwa jina.

"Una njaa?" Sebastiani alimwuliza.

"Sijui."

"Mimi ninayo."

Waliingia kwa mama mmoja anayeuza chakula karibu na soko, wakaagiza wali na samaki wa mtoni. Sebastiani alikula sahani yake yote, polepole, akitenga miiba pembeni. Wilhelmina alimtazama akila. Wakati fulani angelia kwa furaha kuona hivyo. Sasa alitazama tu, akanywa maji, akala nusu ya wake, naye Sebastiani akamvuta samaki wa mkewe aliyebaki, akamtoa miiba, akamrudishia.

Stesheni walifika mapema sana, treni ikiwa bado. Walikaa kwenye benchi la kivulini. Palikuwa na mwanamke na magunia yake ya mchele, na mtu amelala na kofia usoni, na mbuzi mmoja aliyefungwa kwenye nguzo.

"Mama Dativa," Sebastiani alisema, "ukinipeleka tena kule, nitakwenda. Nataka ujue. Sitakusumbua kama mara ile."

 Wilhelmina alifikiria saa tisa za ukumbini, foleni ya dawa, vigae. "Sijui kama mimi nitaweza," alisema mwisho. Hakuwahi kulisema hilo kwa sauti.

Alidhani mumewe ataumia kulisikia. Sebastiani alitikisa kichwa taratibu kukubali, kama mtu aliyeambiwa bei anayoijua.

"Basi Dativa atanipeleka. Au Beno. Wewe utakaa nyumbani na cherehani yako, utanipigia simu." Aliuchukua mfuko wa nguo kutoka mapajani pa mkewe, akauweka upande wake mwingine, akasogea. "Sasa lala. Nitakuamsha."

"Nitalala vipi hapa, watu wanapita?"

"Wapite."

Alitaka kusema kwamba kuna sare thelathini zinamsubiri, na kwamba mwalimu mkuu ameshapiga simu mara mbili. Aliegemeza kichwa kwenye bega la mumewe, bega lile lililokuwa mfupa mtupu kupitia shati, na kabla hajalimaliza wazo la sare, usingizi ulikuwa umemchukua.